Telefoni inajua kidole, haijui tumbo

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu kabla bwana yako hajautia mfukoni: leo hatutasema habari ya kofia wala ya buti. Hizo umezisikia mwezi uliopita, na utazisikia tena. Leo tuseme habari ya ile telefoni unayoiacha ndani ya kabati kabla ya kushuka shimoni.

Ndani ya telefoni hiyo mna kitu ambacho labda wewe mwenyewe umekichimba. Kobalti iliyo ndani ya betri za dunia nzima hutoka kwetu Kongo kwa sehemu kubwa, zaidi ya nusu. Tunachimba, tunauza, halafu kitu kinarudi katika sanduku zuri nasi tunakinunua tena. Lakini kuna sehemu moja ya telefoni ambayo haichimbwi wala haitoki kiwandani. Ni ile programu, ile vijana wanayoiita aplikasio. Programu hutengenezwa kwa kufikiri na kuandika tu. Na wewe unaweza kuitengeneza.

Usicheke. Najua unavyosema moyoni: hiyo ni kazi ya Wazungu, au ya watoto wa universite. Mimi ninayekuandikia nilisoma sekondari miaka minne, kisha feza ikaisha. Kazi yangu ni kupima vumbi na kuandika vipimo ndani ya kaye. Nilitengeneza programu yangu ya kwanza nikiwa na miaka 41. Programu ile ilifanya kazi vizuri sana, watu wakaisifu, na ilikaribia kumdhuru ndugu yangu wa tumbo moja. Nitakueleza yote mawili, kwa sababu ukijua moja tu hujajua kitu.

Kwetu ni Yangambi. Wengi wenu mnatoka upande huo: Isangi, Basoko, Yanonge. Kwa wale ambao hawajafika, Yangambi iko ukingoni mwa mto Kongo, upande wa kaskazini, karibu kilometa 100 ukiteremka kutoka Kisangani. Mwaka 1933 Wabelgiji walianzisha shirika la utafiti wa kilimo, INEAC, na Yangambi ikawa kituo chake kikubwa. Leo kinaitwa INERA. Mtu akitaja Yangambi, watu wanakumbuka michikichi, kahawa, na nyumba za matofali zilizoingiliwa na majani. Mimi nakumbuka kaye.

Sikiliza habari hii. Kuanzia mwaka 1937 hadi miaka ya 1950, watu wa kituo walikuwa wanakwenda msituni kila wiki kuangalia miti ileile. Kila mti ulikuwa na namba yake. Je, majani yameanguka? Kuna maua? Kuna matunda? Wanaandika alama kwenye ukurasa, wanarudi. Wiki inayofuata, mti uleule, alama zilezile. Walifanya hivyo kwa miti ya mamia ya aina, zaidi ya miaka kumi na tano. Kisha mambo yakabadilika, vita vikaja, watu wakaondoka, lakini karatasi zilibaki Yangambi. Mwisho wa mwaka 2015 mtafiti mmoja, Koen Hufkens, na wenzake waliweka picha za kurasa zile kwenye intaneti, na watu wa kujitolea wa nchi nyingi wakazisoma mstari kwa mstari ili ziingie katika kompyuta. Leo wataalamu wanazitumia kujua msitu wetu ulikuwa unafuata majira gani zamani, kabla ya joto hili la sasa.

Kwa nini nakuambia hayo? Kwa sababu watu hawa walikuwa wanafanya kazi ya programu pasipo telefoni hata moja. Programu ni nini? Ni kaye yenye sheria. Mti namba fulani, siku fulani, alama fulani. Kama kuna maua, basi andika hivi. La sivyo, acha wazi. Sheria isipobadilika, mtu wa miaka themanini baadaye anaweza kusoma na kuelewa. Sheria ikibadilika kila wiki kwa uvivu wa mwandishi, karatasi zote ni takataka za mchwa.

Na wewe mfanyakazi wa mgodi, sheria za namna hiyo unazijua kuliko mtoto wa universite. Kapita wako anakuambia kila asubuhi: kama kufuli halijafungwa kwenye umeme wa mashine, basi usitie mkono. Kama paa la shimo linadondosha vijiwe, basi rudi nyuma, ita mwenye kupima. La sivyo, endelea. Hiyo «kama, basi, la sivyo» ndiyo programu yenyewe. Mengine yote ni mapambo.

Basi nilianzaje? Nilianza kwa hasira. Kaye yangu ya vumbi ililowa mvua, vipimo vya miezi miwili vikapotea. Nikajiuliza kama telefoni haiwezi kuvitunza. Kijana mmoja mpangaji wa jirani akaniambia iko njia ya watu wasiojua kuandika lugha za kompyuta. Inaitwa App Inventor. Ilianzishwa na Google mwaka 2010, na tangu mwaka 2012 inatunzwa na chuo cha MIT cha Marekani. Hailipishwi. Unaweza kuiona kwa Kifaransa, na hilo ni jambo kubwa kwetu. Hapo huandiki maneno magumu. Unachukua vipande vya rangi, kama vile vya mchezo wa mtoto, unavipachika kimoja katika kingine. Kipande cha «kama» kina meno, na kipande kisichofaa hakiingii. Ukikosea, kinakataa. Nilipenda jambo hilo. Mashine inayokataa mapema ni rafiki.

Lakini usidanganywe. Vipande vinakataa makosa ya umbo tu, havikatai makosa ya akili. Tutalifikia hilo.

Vitu vinavyotakiwa ni kompyuta yenye intaneti kwa wakati wa kujenga, na telefoni ya Android kwa kujaribu. Kompyuta sikuwa nayo. Nilikwenda Jumapili mchana mahali pa kulipia kwa saa, palipo na mashine tano na feni moja. Kwa kuwa saa ni feza, nilijifunza kazi yote niifanye kwanza kwenye kaye, nyumbani, kwa biki. Nakushauri ufanye vivyo hivyo hata kama una kompyuta yako. Chora mraba mkubwa, huo ndio uso wa telefoni. Ndani chora vitu vitakavyoonekana: neno, kitufe, hesabu. Chini yake andika sheria kwa Kiswahili chako cha nyumbani. Usiandike Kifaransa kama Kifaransa chako kinachechemea. Utakuwa unafikiria sarufi badala ya kazi. Ukifika kwenye mashine unakuwa fundi mwenye ramani, si mtu anayetafuta mlango gizani.

Mwezi wa kwanza sikufanya kitu cha maana. Nilitengeneza kitufe; ukikigusa, telefoni inasema «Jambo». Ndiyo hivyo. Bibi yangu aliuliza kama Jumapili nne na feza yote ile ni kwa ajili ya jambo moja. Sikuwa na jibu. Mwezi wa pili nilitengeneza hesabu: ukigusa, inaongeza moja. Nilifurahi, nikazima telefoni, nikalala. Asubuhi hesabu imerudi sifuri. Nilidhani telefoni imeharibika. Kumbe nilikuwa nimeiweka hesabu kichwani mwa programu, na programu ikifungwa kichwa chake kinafutika. Inafaa kuiweka katika sanduku la kutunza, ambalo App Inventor inaliita TinyDB, na kila programu inapofunguka iende kwanza sandukuni kuuliza: jana tulifika wapi? Jambo hilo lilinichukua Jumapili tatu. Mtoto wangu wa kike wa miaka 13 ndiye aliyeona kosa la mwisho. Alisema, «Papa, umeandika kuweka, hujaandika kutoa.» Ni kweli. Tangu siku ile anasoma kaye yangu kabla sijakwenda mjini.

Ikiwa una mtoto wa masomo, mkalishe karibu. Usione haya. Kapita anaona haya kuulizwa mbele ya watu, lakini mzazi anayejifunza mbele ya mtoto wake hapotezi kitu.

Wakati nikiwa katika hayo, habari ikaja kutoka Yangambi kwamba mdogo wangu ana kifua kikuu. Yeye hakuwa mfanyakazi wa kampani. Alikuwa amechimba dhahabu miaka mitano katika mashimo ya watu binafsi, akisaga mawe bila maji na bila kitambaa puani. Wewe unayefanya kazi ya kutoboa miamba unajua kwa nini nasi tunamwaga maji. Vumbi la mawe lina silika. Silika ikikaa mapafuni inayachubua, na mapafu yaliyochubuka ni shamba zuri kwa kifua kikuu. Mtu mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, mwenye jasho la usiku na anayekonda, asingoje likizo wala asinunue dawa ya kikohozi sokoni. Aende akapimwe makohozi. Dawa za ugonjwa huo katika programu ya taifa hutolewa bure.

Kazi iko katika kuzimeza. Matibabu ya kawaida ni miezi sita. Miezi miwili ya kwanza dawa nne pamoja, miezi minne inayofuata dawa mbili. Baada ya wiki chache mgonjwa anapata nguvu, anakula, anacheka, anasema nimepona. Ndipo hatari inapoanza. Akiacha, vijidudu vilivyobaki hujifunza kuzishinda dawa, na ugonjwa unaorudi ni mgumu zaidi, mrefu zaidi, nao unaambukiza watoto wa nyumba nzima.

Likizo yangu iliangukia wiki ileile aliyoanza dawa. Nilisafiri na programu niliyoitengeneza haraka usiku wa mwisho. Uso wake ulikuwa hivi: juu tarehe, katikati kitufe kikubwa cha kijani NIMEKUNYWA, chini hesabu ya siku. Na saa moja ya asubuhi ililia kengele. Niliihamisha kutoka telefoni yangu hadi yake bila intaneti. Alikuwa siku ya tano ya dawa, nikaandika 4 kwenye hesabu, naye akagusa ya tano mbele yetu. Majirani walikuja kutazama. Mzee mmoja wa kituo, aliyestaafu, alitaka kujua kama inaweza kuhesabu mishahara wanayomdai serikali.

Mama yetu alikuwa na njia yake. Kila asubuhi alikuwa anasimama mbele ya mdogo wangu na kikombe cha maji, anamtazama akimeza, kisha anachora mstari wa makaa nyuma ya mlango wa jikoni. Nami, kwa majivuno yangu, nilimwambia, «Mama, sasa pumzika. Telefoni itamwangalia.» Mama hakubisha. Alitia kipande cha makaa katika mfuko wa kitenge chake, akaenda shambani.

Nikarudi kazini. Siku mtandao ulipopatikana nilipiga telefoni na kuuliza, hesabu ngapi? Siku ya 20 alisema 20. Siku ya 33 alisema 33. Siku ya 41 alisema 41. Nilihesabu kwenye kalenda, ni sawasawa. Jioni ileile Mama akaomba telefoni kwa jirani, akanipigia yeye.

«Mwanangu, mashine yako inasema ngapi?»

«Arobaini na moja, Mama.»

«Mfuko wa dawa unasema thelathini na nane.»

Alikuwa amehesabu vidonge. Mdogo wangu alikuwa anakunywa vinne kila siku, na vilikuwa vimezidi 12. Siku tatu hazikuingia tumboni. Lakini telefoni ilionyesha siku zote 41. Ilikuwaje?

Hapa tafadhali soma polepole, kwa sababu ndiyo habari yenyewe. Makosa yalikuwa mawili, moja lilificha lingine. Kosa la kwanza: kengele niliyoitengeneza katika App Inventor inalia tu programu ikiwa imefunguliwa. Programu ikifungwa, kengele nayo imekufa. Mimi nilikuwa nimejaribu nyumbani, programu ikiwa wazi mezani, na ililia kila mara. Kule Yangambi umeme si wa kila siku. Watu wanachaji kwa mwanga wa jua au kwa mtu mwenye mashine ya mafuta, na wanalipa. Mdogo wangu alikuwa anafunga kila kitu ili betri idumu. Asubuhi tatu alikwenda mtoni kuvua kabla ya jua, kengele haikulia, akasahau. Aliponieleza alisema tu, «Yaya, haikuniita.»

Kosa la pili: kitufe kiliongeza moja kila kilipoguswa. Telefoni yake ni ya zamani, uso wake ni mzito. Asipoona hesabu ikibadilika upesi, aligusa tena. Siku nyingine ikahesabu mbili. Siku tatu za kusahau zikajazwa na siku tatu za kugusa mara mbili, na jumla ikatoka sawasawa. Kama jumla ingekosea, ningegundua wiki ya kwanza. Iliyokuwa mbaya ni kwamba ilikuwa nzuri.

Wewe unayesoma vipimo vya hewa au vya vumbi kila siku, jambo hili likusumbue kidogo. Chombo kikionyesha hatari, sote tunakimbia. Kikionyesha salama mwezi mzima, nani anakwenda kukikagua?

Walikwenda kwa mwuguzi na mfuko wa dawa na kadi. Hakufoka. Alihesabu tena, akaandika siku zilizokosekana, akaongeza siku ili dozi zote zitimie. Nakuomba ufanye hivyo ukikosa. Usimeze za siku tatu kwa mara moja, wala usinyamaze kwa aibu. Peleka kadi, mganga ataamua.

Mimi nilirudi kwenye kaye. Sheria ya kitufe niliiandika upya hivi: kama kidole kinagusa, na tarehe ya leo haimo sandukuni, basi andika tarehe ya leo na uongeze moja, la sivyo, sema «Leo umekwisha kuandika.» Kengele ya programu niliitoa kabisa. Tulitumia kengele ya telefoni yenyewe, ile ya kuamkia, kwani hiyo inalia hata programu zote zikiwa zimefungwa. Kisha nikaongeza swali la kila Jumamosi: vidonge vingapi vimebaki? Telefoni inafanya hesabu. Kama vidonge havilingani na siku, basi uso wote unakuwa mwekundu, na maneno ni mawili tu: ITA MAMA.

Na Mama alirudi na kikombe chake. Hilo si sehemu ya programu, lakini bila hilo programu ni bure. Mtu anaweza kugusa kitufe naye hajameza. Telefoni inajua kidole, haijui tumbo.

Usidhani makosa haya ni ya wanafunzi wa kwanza tu. Kuna programu kubwa iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya chuo cha Penn State huko Marekani pamoja na taasisi ya kilimo ya IITA. Inazungumza Kiswahili, na inafanya kazi shambani hata pasipo mtandao. Unaielekezea jani la muhogo, nayo inakuambia kama ni batobato, au michirizi ya kahawia, au utitiri. Mashine ilifundishwa kwa picha za majani zilizopigwa katika mashamba ya pwani ya Tanzania. Wataalamu wenyewe walipoijaribu kwenye telefoni shambani, waliona kwamba alama za ugonjwa zikiwa ndogo inakosea zaidi. Nao wakaandika hivyo wazi, wasifiche. Bibi yako mwenye shamba la muhogo anaweza kuitumia, lakini macho yake asiyaweke kabatini.

Na mwanzo mdogo si aibu. Mwanzoni mwa mwaka 2008, Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi, watu wachache, miongoni mwao Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, walitengeneza Ushahidi kwa siku chache tu. Raia alituma habari kwa ujumbe wa telefoni, nayo ikaonekana kwenye ramani. Kitu kilichojengwa haraka vile baadaye kilitumika Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010.

Sasa, kwa kuwa ukurasa huu ni wa usalama, lazima niseme yale ambayo mkuu wetu atanikemea nisipoyasema.

Usijifunze kazini. Telefoni mkononi mwa dereva wa lori la mawe, au mwa mtu anayepanda ngazi, inaua kama jiwe la paa. Mahali pa baruti ni marufuku kabisa, wala usiseme «nimeizima sauti». Viwashio vya baruti vinavyotumia umeme vina nyaya, na nyaya hizo zinaweza kupokea mawimbi ya telefoni kama antena ya radio. Iache kabatini, mbali, kama sheria ya kazi inavyotaka.

Nyumbani nako kuna hatari. Betri iliyovimba usiibonyeze, usiitoboe kwa msumari ili «itoe hewa» kama mafundi fulani wa barabarani wanavyofanya. Inawaka moto ambao maji ya kikombe hayauzimi. Usichaji telefoni juu ya godoro, ndani ya chandarua, watoto wamelala. Chaja ya bei ya karanga inayopata moto mkononi, itupe. Nyumba ni ghali zaidi. Mimi chaja yangu naiweka juu ya bamba la saruji dirishani, na sichaji nikiwa sipo.

Na usingizi wako? Mtu wa zamu ya usiku akirudi asubuhi akakaa na vipande vya rangi hadi mchana, jioni anashuka shimoni akiwa nusu mtu. Nilifanya hivyo mara moja, nikaandika kipimo cha vumbi mahali pasipo pake, na kapita akaniuliza kama nimekunywa. Jiwekee saa moja, au mbili Jumapili, basi. Kila baada ya muda mfupi inua macho utazame mti ulio mbali, upepese. Macho yakitoka machozi au kichwa kikigonga, funga.

Jambo jingine: ugonjwa wa mtu ni siri yake. Katika programu ya mdogo wangu hakuna neno «kifua kikuu» hata mahali pamoja, wala jina la dawa. Kuna kitufe na tarehe. Mtu akiiokota telefoni hajui kitu. Na programu yako isiseme kamwe mtu anywe vidonge vingapi. Hesabu ya dozi ni ya mganga anayejua uzito wa mgonjwa. Wewe kumbusha tu na andika.

Nao watakuja watu wa kukuuzia masomo ya «kuwa tajiri kwa aplikasio katika siku saba». Kabla hujatoa feza, mwombe mwalimu huyo akuonyeshe programu moja aliyoitengeneza yeye, ikifanya kazi katika telefoni ya mtu mwingine. Wengi watakumbuka ghafla kwamba wana safari.

Ukitaka kuanza, anza na kitu kimoja ambacho nyumba yako inakihitaji mwezi huu. Siku za kinga za mtoto. Maji ya kunywa yaliyochemshwa lini. Tarehe ya chujio la kinyago chako. Kimoja tu. Kikishafanya kazi, mpe mtu mwingine akitumie wiki mbili, nawe usisimame karibu yake kumweleleza. Keti pembeni uandike kila mahali anaposita. Mimi kama ningefanya hivyo na mdogo wangu, ningeona kidole chake kikigusa mara mbili siku ya kwanza.

Alimaliza dawa, makohozi yakapimwa, mganga akafunga kadi. Sasa anauza samaki wa moshi pamoja na Mama, wala harudi mashimoni. Mistari ya makaa bado iko nyuma ya mlango wa jikoni. Mama amekataa mlango upakwe rangi. Mwezi uliopita aliniambia kwamba wanunuzi wa Kisangani wanachukua samaki kwa deni na kusahau, na kama mashine yangu inaweza kuwakumbuka. Nimechora mraba katika kaye. Mtoto wangu ameusoma, akaniuliza: kama mtu analipa nusu, je?